Utitiri wa Chatu Mutindi

Mjukuu wangu Wavinya anafuga nyoka hapa Makindu, nyuma ya nyumba, katika chumba ambacho marehemu mume wangu alikuwa akiwekea mahindi. Ana laisensi ya wanyamapori. Ameibandika ukutani ndani ya nailoni, na mtu akianza kuuliza mimi humwonyesha kwa kidole kabla hajamaliza. Nyoka wenyewe si wengi. Kuna vinyoka vya mchanga, vifupi na vinene, ambavyo kazi yao ni kujizika kutwa nzima, halafu kuna chatu mmoja jike anayeitwa Mutindi. Hilo ni jina la mama yangu mzazi. Nilipolisikia mara ya kwanza sikufurahi.

"Susu," Wavinya akaniambia, maana kwetu nyanya ndiye susu, "mama yako alikuwa mpole ama hakuwa?"

Nikasema alikuwa. Tukaliacha hapo.

Wasafiri wa barabara ya Mombasa hukata kona kuja kumwona Mutindi, na walimu huleta watoto wa shule. Hakuna anayekuja kutazama mchanga. Bila chatu hiyo kazi ya Wavinya imekwisha, na yeye hana nyingine. Hilo nalijua kwa sababu naishi naye na nakula kwake.

Ilikuwa mwezi wa kumi, kabla ya mvua. Mutindi akaanza kulala ndani ya karai lake la maji, asubuhi mpaka jioni, kichwa tu nje. Wavinya akaniuliza naonaje. Nikamwambia ni joto. Mbwa alikuwa analala kwenye tope chini ya mfereji, kuku walikuwa wanatembea midomo wazi. Huku Ukambani kiumbe kikiingia majini mwezi wa kumi hakuna mtu anauliza kwa nini. Kwa hivyo tukamwachia maji yake, tukamwongezea.

Siku Wavinya alipomwaga yale maji ndipo aliona chini ya karai kuna vitu vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Vingine vilikuwa vimekufa, vingine vilikuwa vinatembea. Akamtazama Mutindi karibu na macho, akaona vingine vimejipanga kwenye ukingo wa jicho, na vingine chini ya magamba ya kidevu.

"Huo ni utitiri," nikasema. "Kama wa kuku."

Akampigia simu Daktari Kanini, yule mama wa Kitui anayetibu wanyama. Daktari akasema ni utitiri kweli, ila wa nyoka ni aina yake, na nyoka hulala majini akijaribu kuuzamisha. Akauliza kama kuna nyoka mgeni aliyeingia. Alikuwepo. Watu wa wanyamapori walikuwa wameshika chatu ndani ya nyumba ya kuku huko Ikutha, wakamwomba Wavinya akae naye kidogo kabla hajapelekwa porini. Wavinya alimweka chumba kile kile, sanduku kando ya sanduku, kwa kuwa hakuna chumba kingine. Mgeni alishaondoka. Utitiri ulibaki.

Tukaambiwa la kufanya. Nyasi kavu na magome yote ya sandukuni tukayatoa, tukayachoma. Sanduku tukalisugua kwa maji ya moto sana na sabuni, hasa kwenye kona, kwa sababu mayai hukaa kwenye nyufa. Mahali pa nyasi tutaweka karatasi nyeupe, ili mdudu mweusi aonekane. Vinyoka vya mchanga vihudumiwe kwanza, mgonjwa mwisho, halafu mikono ioshwe. Dawa daktari angeituma kwa gari, amepima kulingana na uzito wa Mutindi, na isitumike nyingine yoyote.

Kwa hivyo siku hiyo sanduku lilikuwa nyuma ya nyumba, juani, linakauka, Mutindi alikuwa ndani ya foronya yangu, imefungwa mdomo na kuwekwa kivulini, na Wavinya alikuwa ameenda barabarani kungoja gari la Kitui. Mimi nilikuwa mbele ya jikoni nachagua ndengu. Ndipo akaja mwanangu Nzau.

Nzau ni kitinda mimba wangu. Anakaa Kathonzweni, ni mzee wa kanisa, na kazi yake ni kuzunguka na pampu mgongoni akipulizia watu mbuzi na ng'ombe dawa ya kupe. Anaifanya vizuri. Koti lake linanuka hiyo dawa mwaka mzima, hata Jumapili. Mke wake alishachoka kulifua.

"Mwaitu, uko salama?" akaniamkia, yaani mama.

"Niko. Pampu ya nini leo?"

"Natoka kwa watu. Wavinya yuko wapi?"

"Barabarani. Chatu ana utitiri, anangoja dawa."

Nzau anaogopa nyoka. Hajawahi kuingia kile chumba. Lakini anampenda Wavinya, yeye ndiye alimlipia ile laisensi ya kwanza bila kuambia mtu.

"Na ako wapi huyo mnyama?"

"Kwa foronya."

"Foronya ya kulalia?"

"Yangu. Nilikuwa nimechoka nayo."

Akacheka, akasema kanisani wamemuuliza kama ni kweli mamake analala na joka, sasa hatajua aseme nini. Halafu akaenda nyuma kunawa. Alikaa. Sikumfuata. Ndengu zilikuwa na mawe mengi, na mtu mzima akienda kunawa hafuatwi.

Wavinya akarudi na kichupa chake kidogo. Akaligusa sanduku, akaona limekauka, akalirudisha chumbani. Akatandika karatasi, akamtoa Mutindi kwenye foronya, akamlaza ndani na kufunga kifuniko asubiri, kwa sababu dawa ilikuwa ya kupakwa jioni jua likipungua. Alisikia harufu ya dawa ya kupe, akaniambia baadaye. Lakini anko wake alikuwa amesimama hapo hapo na koti lake, ameegemea ukuta wa nje. Hiyo harufu sisi hatuisikii tena.

Tukala muthokoi. Nzau akasema chumvi imepungua, Wavinya akamwambia alete yake kutoka Kathonzweni. Wakataniana hivyo. Alipomaliza akasukuma sahani na kujinyoosha.

"Sasa hao wadudu hawarudi," akasema. "Nimewapigia kwa kona zote. Kama zizi."

Wavinya akauliza, polepole, "Umepiga nini, anko?"

"Ile dawa. Nyoka sijamgusa, usiogope. Sanduku tu. Mbuzi tunapulizia zizi, tunaacha likauke, tunarudisha mbuzi. Hakuna aliyewahi kufa."

 Wavinya aliinuka, kiti kikaanguka, akaenda chumbani. Mimi nikafuata kwa mwendo wangu.

Mutindi alikuwa amenyooka sandukuni, mdomo nusu wazi. Kichwa kilikuwa kinatikisika kidogo kidogo, kama cha mzee mwenye baridi. Wavinya akamtoa akamlaza kwenye upepo, akampigia daktari, akaweka simu juu ya dirisha ili sauti isikike na sote.

"Mbuzi huvumilia hiyo dawa," Daktari Kanini akasema. "Nyoka alikuwa amefungiwa nayo, anaivuta na ameilalia. Mwosheni sasa. Maji vuguvugu, si ya moto. Sabuni kidogo ya vyombo, kisha msuuze. Kichwa kisiingie majini, hataweza kujizuia kumeza. Badilisheni maji, msuuze tena."

Nikachemsha maji na kuyapoza kwa ya mtungi mpaka kiwiko changu kikayakubali, kama ya mtoto mchanga. Mutindi ni mzito. Wavinya alikuwa anamsugua kwa mikono yote miwili, na mimi mikono yangu haishiki kitu kwa muda mrefu. Kichwa kilikuwa kinateleza.

"Anko," Wavinya akasema. "Shika kichwa."

Nzau alikuwa mlangoni.

"Mimi?"

"Vua koti kwanza. Nawa kwa sabuni mpaka hapa. Halafu shika."

Akavua. Akanawa, akanawa tena. Akaja akapiga magoti kando ya karai huku macho ameyaelekeza ukutani, akaweka mkono chini ya kidevu cha Mutindi.

"Anauma?"

"Akikuuma nitafurahi," Wavinya akasema. "Itakuwa amepata nguvu."

Tukaosha. Tukamwaga, nikaleta mengine. Nzau alikuwa anaomba kwa sauti ya chini, kwa Kikamba, na katikati akaniuliza kama naona anapumua. Nikamwambia atazame mwenyewe, ndiye aliye karibu. Akatazama. Baada ya hapo hakuondoa macho.

Maji yalipoacha kunuka, daktari akasema, "Mkausheni. Mlazeni chali, tumbo juu, mumwache. Nyoka hapendi kulala hivyo. Akijigeuza, bado ana nafasi. Asipojigeuza, mniambie."

Wavinya akamlaza chali juu ya taulo. Akabaki hivyo, tumbo jeupe juu, kama mshipi uliodondoshwa.  Nje kulipita lori, vyombo vikalia jikoni. Nzau alikuwa bado amepiga magoti, mikono imelowa.

"Nilitaka kusaidia," akasema.

"Najua," Wavinya akasema. Alikuwa anatazama taulo.

Ulianza mkia. Ukajipinda upande mmoja, ukatulia. Halafu katikati ya mwili kukapita kitu, kama mtu anayejigeuza chini ya blanketi, na magamba ya mgongo yakaonekana kidogo. Ikachukua muda. Kichwa kilikuwa cha mwisho, kikageuka kwa shida na kulala sawasawa, na ulimi ukatoka.

Wavinya akamwambia daktari. Daktari akasema asipakwe chochote leo, kile kichupa kikae mpaka amwone mwenyewe, na wakati huu tuendelee na maji na karatasi. Lile sanduku lisitumike tena. Wavinya akakata simu, akaleta pipa la plastiki jipya alilokuwa amenunua la kuwekea maji ya mvua, akatandika karatasi nyeupe, akamweka Mutindi ndani. Akachukua pamba yenye maji, akaanza kufuta kandokando ya jicho.

Nzau akachungulia. Hii mara alikuja hadi ukingoni mwa pipa.

"Utitiri umeisha?"

"Bado upo. Huu hapa." Akamwonyesha pamba. "Na mayai yataanguliwa. Ni kazi ya wiki nyingi."

"Kwa hivyo sijasaidia hata kidogo."

"La, hujasaidia."

Akaokota pampu yake, akaishika kwa mkono badala ya kuibeba mgongoni. Koti akaliacha kwenye kamba ya nguo, nikamwambia nitalifua, hata kama halitakati.

"Kesho nikuje?" akauliza.

"Kuja," Wavinya akasema, bila kuinua kichwa. "Kuna mtu anatakiwa kushika kichwa. Lakini kuja mikono mitupu."