Honi ya Meli ya Jumatano

Meli ilifika Baraka kila Jumatano, na kabla ya kutia nanga ilipiga honi mara tatu. Ilipokuwa tayari kuondoka kwenda Albertville ilipiga tena mara tatu. Kwa watu wa mtaa wa ufukweni ilikuwa kelele iliyoamsha watoto wachanga na kuwashtua wagonjwa vitandani, na shuleni mwalimu Nicolas alilazimika kunyamaza katikati ya somo mpaka iishe. Kwa Anastasie ilikuwa ishara ya kwenda kumtafuta mumewe.

Popote alipokuwa, Fabien akiisikia aliacha alichokuwa anakifanya. Kama ni jembe, alilitupa. Kama yuko mezani, tonge lilirudi sahanini. Alikamata kitambaa chochote kilichokuwa karibu, kikwembe cha mkewe au shati la jirani lililoanikwa, akakimbia mpaka barabara ya kuteremkia ziwani. Hapo alisimama katikati, amebana miguu, mkono juu, akipepea.

"Mutoke ku reli," aliwaambia wapita njia. "Mutoke, inarudi nyuma."

Baraka hapakuwa na reli. Reli ilikuwa Albertville, na wengi wa wale waliompita wakiwa na mafurushi yao kichwani hawakuwahi kuiona. Fabien alikuwa ameshika bendera ya kuongoza mabehewa kwenye reli hiyo miaka minane. Habari ya siku ya ajali Anastasie aliijua kwa vipande tu. Mabehewa yalikuwa yanarudishwa nyuma. Watu wawili waliokuwa wanapakua mbao walikuwa wameinama katikati ya reli, na dereva alipowaona alipiga honi, akaishikilia, ikaendelea kulia hata baada ya mambo kwisha. Kama Fabien alichelewa kuinua bendera, au kama dereva hakuiangalia, hakuna aliyemweleza Anastasie, naye Fabien akiulizwa alikuwa anatazama mikono yake. Alilazwa hospitali mwezi mzima bila jeraha lolote mwilini, kisha mwaka 1953 akapandishwa meli, akarudishwa kwao Baraka.

Siku nyingine za wiki alikuwa mume kama waume wengine. Alilima, aliezeka paa, alimchekesha binti yao Félicité mpaka mtoto akapaliwa na uji. Shida ilikuwa Jumatano.

Miaka miwili mtaa ulimvumilia. Bamama walizoea kukunja nguo zao kabla meli haijaonekana, na wanaume walizoea kupita pembeni wakimsalimu, "Asante, Baba Félicité, tumeshatoka." Halafu ikaja Jumatano moja ya kiangazi. Mama mzazi wa jirani yao Zainabu, kikongwe ambaye masikio yake yalikuwa mazito, alikuwa anavuka barabara polepole na kikapu chake. Fabien alimwambia atoke relini, hakusikia. Alimwambia tena. Ndipo akamrukia, akamvuta kwa nguvu zake zote, kama mtu anayemwokoa mwenzake, wakaanguka wote wawili. Mkono wa bibi ukavunjika.

Jioni Anastasie alikwenda kwa Zainabu na kuku chini ya kwapa. Zainabu alipokea kuku, akamkalisha. Hakupandisha sauti. Alisema chef, kiongozi wa mtaa, ameshapita pale, ameonya kwamba Fabien akiumiza mtu tena atapelekwa kwa serikali, na Anastasie anajua wanapofungiwa wenye akili kama hizo.

"Mi sikukasirikii, Mama Félicité," alisema. "Mutu mwenyewe hana mubaya. Ile honi ndio inamuharibu. Na sisi wote inatuchokesha. Twende tuombe bapunguze."

Anastasie hakuwa amewahi kufikiria kwamba honi ni kitu cha kuombewa. Aliiona kama radi. Lakini usiku huo alilala vizuri, na kesho yake walikwenda kwa mwalimu Nicolas. Mwalimu aliandika barua kwa Kifaransa, akawasomea kwa Kiswahili: watu wa mtaa wa ufukweni, kwa heshima kubwa, wanaomba honi ipigwe meli ikiwa bado mbali, upande wa rasi ya Ubwari, na ipigwe mara moja, maana mtaa una wagonjwa, una watoto wachanga, una shule. Jina la Fabien halikutajwa. Watu thelathini na wawili walibonyeza dole gumba chini ya barua.

Wakala wa meli, mzungu mnene aliyekaa kwenye duka la bati pale ufukweni, aliisoma akiwa amesimama. Aliwaambia kuna kanuni, na kwamba kapiteni ndiye mwenye meli yake. Hata hivyo aliikunja barua vizuri akaitia mfukoni. Wiki mbili baadaye mwalimu alikuja mbio nyumbani kwa Anastasie kumweleza: kapiteni amekubali. Atapiga mara moja tu, mbali, akiwa anaingia ghuba, na akiondoka hatapiga kabisa.

Jumatano iliyofuata Anastasie alikaa na Fabien shambani, anapalilia huku anamtazama kwa pembe ya jicho. Upepo ulikuwa unavuma kutoka milimani kwenda ziwani. Hawakusikia kitu. Waliona moshi wa meli, waliona meli yenyewe imesimama majini na mitumbwi imeizunguka, na Fabien aliendelea kulima mpaka mwisho wa tuta. Anastasie aligeuka, akalia kidogo kwa furaha, akajifuta kwa mkono wenye udongo.

Fabien akasimamisha jembe. "Saa ngapi sasa?" aliuliza.

Alimjibu kwamba jua limeshapita utosini.

"Inachelewa," alisema Fabien.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza ya kuingoja honi. Alhamisi aliamka mapema, akaenda kusimama barabarani bila kitambaa, anasikiliza. Ijumaa vilevile. Zamani alikuwa mgonjwa siku moja kwa wiki. Sasa alingoja kila siku, kutwa, na hakutaka kukaa mbali na barabara hata kwa kula. Anastasie alimpelekea chakula pale pale, akakirudisha kilivyo. Alipomshika mkono warudi nyumbani, hakubisha, lakini baada ya muda mfupi alikuwa ameshatoka tena. Wiki ya tatu alianza kuamini kwamba kuna watu wamekufa mahali fulani na yeye anafichwa. Alimuuliza Félicité, mtoto wa miaka sita, kama amesikia majina yao. Mtoto alikimbilia jikoni kwa mama yake, na tangu siku hiyo hakumkaribia baba.

Na shida haikuwa kwake Anastasie tu. Watu wa Baraka hawakuwa na saa; saa yao ilikuwa honi. Ramazani, mume wa Zainabu, aliyekuwa anapeleka ndagala, dagaa wa ziwani, Albertville, alifika ufukweni na vikapu vyake akakuta meli imeng'oa nanga. Wiki iliyofuata aliachwa mwanamke mmoja kutoka Lusenda. Alikuwa anampeleka mtoto hospitali. Alikuwa amepumzika kwa ndugu zake mtaani, anangoja kusikia honi ndipo ateremke. Anastasie alimkuta amekaa mchangani na mtoto mgongoni, anatazama meli ikizidi kuwa ndogo kwa mbali. Hakuwa analia. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza njia, mbona leo haikuita watu. Anastasie alijua kwa nini, na hakuweza kumwambia. Alimchukulia mzigo wake, akamsindikiza mpaka kwa ndugu zake. Baada ya siku mbili mwanamke yule alirudi Lusenda kwa miguu. Mtoto alipona au hakupona, Anastasie hakuwahi kujua.

Zainabu alikuja mwenyewe kumweleza, kabla hajasikia kwa wengine. Alikaa kwenye kigoda. Watu wanaandika barua nyingine, alisema. Wanataka honi irudi kama zamani. Mume wake ni mmoja wao, naye hawezi kumzuia.

"Mulete ile barua," alisema Anastasie.

Zainabu alidhani amekasirika, akaanza kujitetea.

"Hapana, dada. Mulete nibonyeze dole. Baba Félicité hakuli tena. Bora akimbie siku moja kuliko kufa polepole namna hii."

Basi barua ya pili ilikwenda, na dole gumba la Anastasie lilikuwa la kwanza. Kapiteni, walivyosimulia mitumbwini, alicheka sana, akakubali.

Honi iliporudi, Fabien alikuwa pale pale barabarani. Ililia mara tatu, karibu, mpaka mabati ya duka la wakala yakatetemeka, na uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeletewa habari njema. Alivua shati lake mwenyewe akalipepea. Siku hiyo walikuwepo wapagazi wengi wanateremka na magunia ya pamba, wageni, watu wa mlimani wasiomjua. Aliwaambia watoke relini, wakampita wakicheka. Aliwashika, wakamsukuma. Alikamata mmoja kiunoni akambwaga na gunia lake, na wenzake wakampiga mpaka Ramazani na wanaume wa mtaa walipofika kumtoa.

Chef wa mtaa alikuja kabla jua halijazama. Hakuwa mtu mkali. Alimwambia Anastasie kwamba hawezi tena kunyamaza mbele ya serikali, ila anaweza kusubiri siku tatu.

Siku ya pili walipanda kamio, lori la mizigo, ya kwenda Fizi, juu milimani, kwa Raphaël, mdogo wake Fabien. Félicité alibaki kwa Zainabu. Kwa Raphaël ilikuwa baridi na kimya, migomba na ukungu, na ziwa halikuonekana hata kwa mbali. Anastasie alikaa siku nne. Zaidi asingeweza: shamba la pamba, lile la lazima la serikali, lilikuwa kwa jina lake, na mwenye kusimamia pamba hakupokea sababu za mtu. Alimweleza Raphaël chakula anachopenda mumewe, na namna ya kumwamsha bila kumshtua.

Asubuhi ya kuondoka alimkuta Fabien amekaa mbele ya nyumba, amenawa, amefunga vifungo vyote vya shati.

"Hapa inapita saa ngapi?" alimuuliza.

"Hapa haipiti, Baba Félicité."

"Basi mi niko hapa kwa kazi gani?"

Anastasie alimshika bega. Halafu kamio ilikuwa inaondoka.

Mvua za kwanza zilipoanza, dereva wa kamio alileta salamu za Raphaël. Kaka hajambo, analala, anakula anachopewa, hakimbii tena. Tangu mwezi uliopita haongei. Raphaël anauliza afanye nini: amrudishe, au amwache?

Anastasie alimuuliza dereva kama Fabien mwenyewe alionekana ana huzuni. Dereva alisema hakumwona, yeye alipewa maneno tu. Alikuwa na haraka. Barabara ilikuwa inaharibika. Anastasie aliingia ndani, akafunga ndagala kavu kwenye jani la mgomba, akaongeza chumvi, akatoka kumkabidhi.

"Nimwambie nini?" dereva aliuliza, ameshashika usukani.

Alisimama pale na mvua ikimnyeshea, hajachagua kama Fabien arudishwe au aachwe, mpaka dereva alipowasha gari, akamwambia kwa upole kwamba atapita tena wiki ijayo.