Mwezi wa Kwenda kwa Eufrasia

Elida alipoolewa Mwamgongo, majirani walimpa mwaka mmoja tu kabla maswali yake hayajamtoa kwenye ndoa. Binti huyu wa Simbo aliuliza kila kitu. Kwa nini ziwa lina rangi mbili asubuhi, kwa nini dagaa wa jana wana bei kubwa kuliko wa leo, kwa nini mbuzi wa jirani hana mkia, na mkia wenyewe umekwenda wapi. Mumewe Selestini alimwambia angefaa kuwa karani wa sensa, na Elida akataka kujua makarani wa sensa huuliza nini hasa.

Kwa hiyo lilipokuja jambo la safari ya mama mkwe, hakuna aliyegombea kulishughulikia. Lilimwangukia yeye.

Mama mkwe wake aliitwa Veneranda. Alitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, wakati wa mauaji, yeye na mume wake, wakashuka milima kwa miguu na kuja huku. Wenzao wengi walipelekwa makambini. Wao walipata pa kujishikiza kwa wavuvi wa Mwamgongo, wakabaki hapo hapo, Selestini akazaliwa, baba akafariki, miaka ikaenda. Kwao Veneranda hakuwahi kurudi hata kwa siku moja. Sasa mapatano ya amani ya kule yalikuwa yamesainiwa, watu wameanza kwenda na kurudi, na mchuuzi mmoja wa maharage akaleta salamu. Eufrasia, dada yake Veneranda, yu hai. Yuko kule kule juu mlimani, macho yanamfifia, na anataka kumwona mdogo wake angali anaona.

Tabu ilikuwa magoti ya Veneranda. Kwa magoti yale kila mtu alijua kwamba mlima ule ataupanda mara moja tu. Wakikosea mwezi, njia ikawakatalia, wataishia katikati, na Eufrasia atapofuka bila kumtia mdogo wake machoni.

"Kiangazi," alisema Selestini. "Mwezi wa saba. Imekwisha hiyo."

Elida hakuridhika. Aliwahi kusikia kwamba milima ile ina hewa yake yenyewe, kwamba huku mtu anaanika nguo na kule mwenzake anaota moto. Akaona bora awaulize waliotoka huko, na pale Mwamgongo hawakuwa wachache.

Alianza na mzee Nikodemu, fundi cherehani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mkamwana. Umekuja na nguo au umekuja na maswali?"

"Na maswali."

"Basi kaa."

Akamweleza. Nikodemu alitikisa kichwa mpaka miwani ikamteleza puani. "Kiangazi? Oya, hapana! Mtamuua mama wa watu. Kule kiangazi ni vumbi mpaka kwenye meno. Vijito vyote vimekauka, unatembea mchana kutwa hupati tone la maji la kumpa mtoto. Nendeni masika."

Elida akaenda kwa Marcelina, mama mmoja aliyekuwa na eneo lake la kuanikia dagaa pale ufukweni. Marcelina aliposikia habari ya masika aliacha kazi. "Nikodemu kala nini leo? Masika ya kule ni mvua ya mawe na utelezi, mto unabeba ng'ombe mzima. Hamtoki." Naye mlinzi wa shule, aliyekuwa anasikiliza bila kuombwa, akaapa kwamba wote wawili ni waongo. Kule ni ukungu mwaka mzima, mtu haoni hata vidole vya mkono wake.

Mlima mmoja, hewa tatu. Elida alirudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Alidhani watu wanatia chumvi tu, kama ilivyo kawaida ya mtu akisifia au akiponda kwao. Lakini jambo lile halikumtoka. Alilala nalo, akapika nalo, ugali ukaungua.

Likamfumbukia siku anamsaidia Marcelina kugeuza dagaa. Nikodemu alisema tone la maji la kumpa mtoto. Mtoto gani? Anayeeleza hewa ya mlima tu hataji mtoto wa kumnywesha, labda awe anakumbuka safari yake mwenyewe.

"Mama," akauliza, "ile njia ya mlimani uliipita lini mara ya mwisho?"

"Si wakati ule tulipokuwa tunakimbia!"

"Mwezi gani?"

"Mwezi wa tano unaanza. Mvua ilikuwa..." Mkono wa Marcelina ukatulia juu ya dagaa.

Elida hakungoja. Alikwenda mbio kwa Nikodemu, kisha kwa mlinzi, na swali lile lile. Nikodemu na mkewe walijificha kwanza kwa wasamaria, wakatoka mwezi wa nane na mtoto mchanga. Mlinzi wa shule alivuka alfajiri, ukungu umetanda, akamshukuru Mungu kwa ukungu ule. Kumbe hakuna aliyekuwa amemweleza habari za hali ya hewa. Kila mmoja alikuwa amemweleza siku moja.

Elida alijisikia kama aliyekamata samaki kwa mikono mitupu. Akarudi kwa Nikodemu na swali jingine.

"Mzee, kabla ya hapo. Wakati wa ujana wako. Arusini mlikuwa mkienda mwezi gani?"

Nikodemu alitoa mguu kwenye cherehani. Uso wake wote ukalegea.

"Ici," akasema. "Ndiyo kiangazi chetu. Mtama umevunwa, pombe ipo, nani atakwenda arusini na mvua? Njia kavu, ngumu, safi. Wenye nyumba wanatoa mitungi ya maji wanaweka njiani, mpita njia anywe."

"Na vumbi?"

"Vumbi?" Alifikiri kweli kweli. "Lilikuwepo, nadhani. Tulikuwa tunacheka tu, hatukulijali." Akaendelea, akamtaja mjomba aliyelala shambani kwa ulevi na bibi arusi aliyekataa kushuka kwenye machela, akalisahau shati alilokuwa analishona, na mwenyewe alipokuja kulichukua alilikuta na mkono mmoja. "Mwanangu," Nikodemu alimwambia Elida akiondoka, "miaka yote hii nilisahau kwamba njia ile niliwahi kuipita nikiwa na furaha." Macho yake yalikuwa na machozi, na hakuyaficha.

Elida alirudi nyumbani kifua mbele. Selestini alikuwa mlangoni anashona wavu, Veneranda ndani anachagua mawe kwenye maharage.

"Ni kiangazi," Elida akatangaza.

"Si nilisema?"

"Ulisema bila kujua. Mimi ninajua."

Sauti ya Veneranda ikatoka ndani. "Oya. Tutakwenda masika. Mwezi wa tano ukianza."

Selestini aliweka wavu chini. Akamkumbusha mama yake habari ya magoti, ya utelezi, ya mito. Veneranda aliendelea kuchagua maharage. Ndipo Elida akaingia, akaketi kwenye mkeka karibu naye, na kwa upole, maana alikuwa anampenda, akamweleza yote aliyoyagundua. Kwamba kila aliyekimbia anaijua njia ile siku ile tu. Kwamba hata yeye mama, masika yake ni ya siku ile, lakini mlima una siku nyingine nyingi.

Veneranda alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ego," akasema. "Ni kweli. Umewauliza vizuri wenzangu. Mimi mbona hujaniuliza?"

Elida alijiona mdogo kama punje. Ni kweli, alizunguka kijiji kizima na kumruka mwenye safari.

"Kwa nini masika, mama?"

"Nilikuwa na mtoto wa kike, kabla ya Selestini. Kaneza. Alikuwa anaanza kusimama. Homa ilimkamata njiani, na moto hatukuthubutu kuwasha. Alinifia mgongoni, nikatembea naye kipande kizima sijui. Baba yenu akachimba kwa panga, kando ya kijito. Hatukuweka msalaba, hatukuweka jiwe, maana wangejua tumepita. Alama yangu ni yale maji." Akapangusa mikono kwenye kitenge. "Kile si kijito cha kudumu, mwanangu. Ni maji ya masika. Wakati wa kiangazi hakipo. Mkinipeleka kiangazi nitampita kama ninavyopita majani."

Selestini, ambaye maisha yake yote alijijua kuwa mtoto wa kwanza, alikaa chini pale pale mlangoni. Elida aliona aibu kwa furaha aliyoingia nayo, na akalia kabla ya mwenye msiba.

Hapakuwa tena na la kubishania. Sasa Elida aliuliza maswali mengine, namna ya kupanda mlima ule wakati wa mvua, na ajabu ni kwamba watu walikuwa wanakumbuka. Marcelina alikumbuka kwamba masika ya kule asubuhi huwa kweupe, mvua inapiga alasiri. Basi watembee asubuhi na adhuhuri wawe wameshapata pa kulala. Mlinzi wa shule akawatajia vigango vya kanisa vinavyopokea wageni. Nikodemu alishona mkoba wa turubai wa kutunzia nguo kavu, akakataa malipo.

Walipanda boti mpaka Kagunga, wakavuka mpaka, na mwezi wa tano ulipoanza walikuwa kwenye mlima. Asubuhi ilikuwa kweupe kama Marcelina alivyosema. Veneranda alitangulia na fimbo yake, hatua fupi fupi, na baada ya kona ya tatu wakasikia maji.

Kijito kilikuwa kinashuka kati ya mawe. Veneranda alitazama juu, akatazama chini.

"Ndicho?" Selestini akauliza.

"Sijui."

Walipopinda kona nyingine kulikuwa na kijito kingine, na mbele yake kingine. Mvua ile waliyoifuata iwaonyeshe kijito kimoja ilikuwa imevifungulia vyote. Kila bonde la mlima ule lilikuwa linatiririka. Elida ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alikuwa ameuliza kila kitu isipokuwa namna ya kukitambua kile kimoja.

"Mama, tufanyeje sasa?" alisema Selestini.

Veneranda hakuonekana kuvunjika moyo. Alirudi mpaka kwenye kijito cha kwanza, akapiga goti kwa shida, akatia kiganja majini, akasema, "Kaneza." Akashika fimbo, akainuka. Akaenda kwenye cha pili, akafanya vile vile.

"Yumo katika kimojawapo," aliwaambia. "Nitavisalimia vyote."

Wakapanda hivyo. Tope liliwashika miguu, safari ikawa ndefu, na Elida hakumharakisha. Kwa Eufrasia kulikuwa kunaonekana tayari, paa la bati juu ya migomba, magoti ya Veneranda yalipogoma kabisa. Selestini akambeba mgongoni. Kijito kilichofuata hakikuwa kikubwa, mtu angekiruka asikione. Selestini akasimama. Alimteremsha mama yake taratibu juu ya jiwe, akapiga magoti yeye mwenyewe kwenye tope, akatia mkono majini mpaka kwenye kiwiko.

"Dada," akaita.