Vumbi la Kifuani

Kila Jumatano saa kumi na mbili jioni Mwalimu Priska aliinjika maharage, akapunguza moto, kisha akasimama dirishani na simu sikioni, kwa kuwa katika nyumba yake hapo Chiwata mtandao ulishika dirishani tu. Kando yake aliweka daftari la kurasa themanini. Mumewe, Rogath, alipiga kutoka Newala, ambako alifundisha hesabu sekondari. Walikuwa wakipanga safari ya pikipiki, wao wawili, kutoka Masasi hadi Mbamba Bay, wakalione Ziwa Nyasa.

"Siku ya kwanza tusijitese," Rogath alisema. "Tulale Tunduru."

"Chai tunywe Mangaka."

"Chai na chapati. Andika, mwalimu."

Akaandika.

Walikuwa wameoana miaka sita, na miaka yote sita kila mmoja aliishi kwenye kituo chake cha kazi. Priska alikwisha kuandika barua ya kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza. Cheti cha ndoa alikiambatanisha, picha mbili aliziambatanisha. Kilichobaki ni karatasi moja kutoka shuleni kwa Rogath, ya kuthibitisha kwamba mume yupo Newala, na kwenda kuiomba ni kutoka darasani mpaka ofisi ya mkuu wa shule, hatua kama arobaini. Kwa miaka minne Rogath hakuwa amezipiga hatua hizo. Mwanzoni alisingizia mitihani, halafu akasema mkuu mpya bado hajamzoea. Siku hizi alisema, "Tukirudi safari." Priska aliitaka karatasi ile kuliko alivyolitaka ziwa. Lakini alichopewa kilikuwa ziwa, akashika kalamu.

Alhamisi aliamka na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Mapaja yalimuuma, na mdomoni kulikuwa na ladha ya chapati. Mfukoni mwa gauni alikuta ufunguo wa chumba namba nne cha nyumba ya wageni ya Tunduru. Aliuviringisha kwenye karatasi akampa kondakta wa basi aurudishe, maana wenye nyumba wangehangaika. Alioga ndoo mbili, maji yakatoka mekundu, akaenda kufundisha darasa la tatu.

Wiki iliyofuata walipanga Tunduru hadi Songea. Rogath alisema njiani kuna msitu mkubwa na tembo huvuka barabara. Asubuhi yake Priska alifika shuleni amechelewa dakika ishirini, kwa sababu tembo walikuwa hawajamaliza kuvuka. Mwalimu wa zamu aliandika hivyo hivyo kwenye kitabu, tembo, na kengele ikagongwa.

Jumamosi Rogath alikuja na pikipiki yake. Shati lilikuwa limenyooshwa, viatu vinang'aa. Priska alimtazama shingo, akamtazama viganja.

"Mgongo haukuumi?"

"Uniume kwa lipi? Newala na hapa ni pua na mdomo."

"Na Songea?"

Rogath alicheka kwa upole. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Priska. "Songea si tumepanga tu, mke wangu."

Alikula wali na kisamvu, akausifia upishi. Alipoulizwa ile karatasi alisema tukirudi, kichwa kitakuwa kimetulia. Jumapili baada ya misa akaondoka.

Wiki ya Songea hadi Mbinga mvua ilinyesha njia nzima. Alhamisi hiyo, baada ya vipindi, Priska alikuwa uani akiloweka gauni, jirani yake Jafari akaja kuazima pampu. Jafari, au Baba Zena, alikuwa na miaka kumi na mitano kwenye bodaboda kati ya Chiwata na Masasi.

"Shikamoo, Baba Zena."

"Marahaba, mwalimu. Naona umetoka mbali."

"Mbinga."

"Ehe. Udongo wa kule unanata." Jafari aliliinua gauni kutoka kwenye beseni, akaligeuza mbele na nyuma kama anayekagua tairi. "Kakuendesha nani?"

"Mume wangu."

Jafari alilitandaza gauni ukingoni mwa beseni. "Abiria wangu mimi wanachafuka mgongoni na magotini, mwalimu. Kifuani hawapati kitu, upepo na wadudu nakula mimi niliyekaa mbele. Hili gauni lako kifua chote ni matope na mbawa za kumbikumbi."

"Labda alikaa upande."

"Labda," alisema Jafari kwa adabu. Akachukua pampu, akaenda zake.

Priska alilisuuza gauni mara tatu. Moyo ulimuuma, na hakujidanganya kwamba ni uchovu wa safari. Tangu chai ya Mangaka, zaidi ya kilomita mia tano, siti ya mbele haikuwa na mtu. Aliazimia kutoipokea simu ya Jumatano. Ilipoita, aliipokea kabla haijaita mara ya pili.

Kwa hiyo wakapanga Mbinga hadi Mbamba Bay, na Alhamisi Priska akaamka na mchanga kati ya vidole, pindo la kanga limelowa, na samaki wawili wabichi wa ziwani, mbasa, ndani ya mfuko. Ziwa alikuwa ameliona. Lilikuwa zuri kuliko walivyoliandika. Aligeuka kumwambia mtu, "Ona," akaiona pikipiki imesimama kwenye stendi yake, injini inapoa. Alilia palepale ufukweni, kwa sauti, kwani hakukuwa na wa kumsikia. Nyumbani aliwakaanga mbasa, mmoja akampelekea mke wa Jafari.

Jumatano iliyofuata alianza yeye kusema.

"Tumerudi, mume wangu."

"Tumerudi wapi?"

"Mbamba Bay. Safari imeisha. Ile karatasi sasa."

Upande wa Newala Priska alisikia redio ikitangaza mpira.

"Unajua nimewaza nini?" Rogath alisema hatimaye, na furaha yake ilikuwa ya kweli kabisa. "Kwa nini turudi kwa njia ile ile? Tuzungukie Njombe, tupande Makete, tukaone maua ya Kitulo. Wiki ijayo tuanze kupanga kituo kwa kituo. Andika, mwalimu."

Akaandika.

Mzunguko wa Njombe, Makete na Kitulo si safari ya kwenda na kurudi kabla ya kengele, na mtumishi hatoki kituoni siku kadhaa bila ruhusa ya maandishi. Kesho yake Priska aligonga mlango wa mwalimu mkuu, Hamudi, akapewa fomu. Alijaza jina, tarehe na aina ya usafiri. Penye nafasi ya anayefuatana naye aliandika, "Mume wangu."

Hamudi alisoma, akavua miwani. Habari za lile gauni zilikuwa zimeshafika shuleni.

"Mwalimu Priska, hii ni karatasi ya serikali."

"Najua, mwalimu."

"Basi." Akamsogezea kalamu.

Priska aliyakata yale maneno, akaandika juu yake, "Peke yangu." Hamudi alitia sahihi, akagonga muhuri, akaupuliza wino ukauke, akamkumbusha abebe sweta. Kazi yote, tangu kugonga mlango, ilichukua dakika tano.