Kioo cha Kisogoni

Mwalimu alimrudishia binti yangu insha aliyoandika kuhusu baba yake, akamwambia achague kitu kimoja kidogo. Nilipandwa na hasira. Mtoto kaanza baba anazaliwa, kaja harusi, kafika mpaka baba kawa kinyozi, sasa kidogo kipi tena?

"Andika harusi. Watu walijaa mpaka uani."

"Mama, mimi sikuwepo."

Akainamia daftari, kisha akatusomea. Aliandika kwamba kila asubuhi baba humchana nywele, halafu humshikia kioo kisogoni kama mteja, na hakishushi mpaka aambiwe, "Safi, fundi." Basi, kaishia hapo.

Baba mtu akajikoholesha, akaenda jikoni kufunua sufuria tupu.

Asubuhi nilikuwa nafunga kilemba, nimeshachelewa kazini. Kioo cha mume wangu kikapanda nyuma yangu, kama kawaida yake. Siku zote mimi humwambia aniondolee kidude chake.

"Kulia kidogo," nikasema. "Hapo hapo."

Akasubiri aambiwe. Kilemba kilikaa vizuri sana. Nikanyamaza makusudi, ili asikishushe kioo.