Tenga la Katikati

Jumatano ile Fikirini alitoka nyumbani na chaki mfukoni, kama kawaida yake. Alianguka kwenye genge lake la nyanya, Kariakoo, na adhuhuri haikumkuta hai.

Kiingereza alikisoma ukubwani, madarasa ya jioni, akakimalizia kwenye matenga. La kwanza, la nyanya ngumu, hakuliandika kitu. La katikati, la zilizoanza kulegea, aliliandika decay. La mwisho, rot.

"Kwa Kiswahili zote zimeoza, mume wangu," Sitara alikuwa akimtania.

"Ndiyo maana mnatupa nyingi. Hii ya decay imeanza safari tu, bado ina kazi. Ya rot imeshafika."

"Na spoil?"

"Hiyo haikuoza yenyewe, kuna mtu kaiharibu. Kama zile ulizozikalia mwaka jana."

Sitara alikaa eda, miezi minne na siku kumi. Aliporudi gengeni woga ukamshika, maana kuchambua ilikuwa kazi ya Fikirini. Kila nyanya iliyobonyea akaitupa kwenye tenga la mwisho.

Scholastika, mama lishe wa Gerezani aliyenunua tenga la katikati miaka yote, akalikuta tupu.

"Pole na msiba, shoga yangu. Nyanya zangu ziko wapi?"

"Zimeoza zote."

"Zimeoza, au umeziogopa? Miezi minne nanunua genge la pili, kwa Abdulmajid, ananichanganyia na mbovu, mchuzi unachacha kabla ya saa nane. Na hapa nikikosa, nitahamia Ilala moja kwa moja."

Akachutama, akaokota moja kwenye tenga la mwisho, akamsogezea Sitara puani. "Mumeo alikuwa ananusa hapa, kwenye kikonyo. Nusa."

Sitara akanusa. Ngozi ilikuwa imelegea, lakini harufu ilikuwa ya nyanya tupu. Akaokota nyingine; hiyo ikamchoma pua, akairudisha. Wakachambua pamoja, goti kwa goti, mpaka tenga la katikati likajaa.

Jioni alitungua msumarini shati la Fikirini, lile ambalo mawifi zake walimwambia alifue, alitoe sadaka. Akalinusa kwenye kola. Akalirudisha msumarini.

Mvua zimeshafuta chaki. Sitara amefungua daftari la mumewe la madarasa ya jioni, akaiga herufi moja moja kwenye tenga la katikati: decay. Scholastika hulichukua kila asubuhi, saa mbili.