Marahaba ya Yahaya

Dongobesh nzima hakuna mtu asiye na kinyongo kama mimi, Margwe. Ukinitukana asubuhi, mchana nimeshasahau hata jina lako.

Yahaya ni habari nyingine.

Tulianza naye chuo Arusha, tukisomea kuandika programu za kompyuta. Yeye akamaliza. Mimi mwaka wa pili nilichoka, nikarudi kwa mama kuchambua vitunguu saumu. Laptop yangu dada yangu Hilaria akaipatia kazi: kufunika sufuria ya maziwa, paka asitie mdomo. Na kusema kweli, kazi hiyo iliiweza.

Siku ya mnada Yahaya akaja, kitambulisho kinaning'inia shingoni kana kwamba sisi hatumjui. Akanikuta nimekaa juu ya gunia, katikati ya wakulima wenzangu.

"Programa! Umeshaandika programu ya kumenya vitunguu?"

Nikacheka na wengine. Akaongeza: "Mbona huniamkii? Siku hizi mwenye cheti ndiye mkubwa. Haya, shikamoo yangu iko wapi?"

Tumezaliwa mwaka mmoja, tena mimi nilimtangulia! Watu walicheka mpaka mama Perpetua, mwenyekiti wa kikundi chetu, akashika mbavu. Hata mbuzi mmoja alinitazama vibaya.

Jioni ile sufuria ililala bila mfuniko.

Jamani, hasira inafundisha. Masomo yaliyokuwa yananisinziza chuoni, sasa nilikuwa nayafukuzia mwenyewe, laptop magotini, nikilinda vitunguu vinavyokauka. Programu ikigoma na kuleta maandishi mekundu, nilikuwa nayasoma kwa sauti ya Yahaya. Hapo usingizi unakimbia wenyewe.

Nikatengeneza programu ya kikundi. Kila asubuhi inawatumia wakulima bei ya vitunguu, ila kwanza inamwamkia kila mtu kwa heshima yake, maana huku kwetu ukimtajia mzee bei kabla ya shikamoo, umeongea na ukuta. Yahaya naye alikuwa ameshapeleka ya kwake kwa mama Perpetua. Kikundi kingechagua moja, na mwenye nayo ndiye angepewa kazi ya kuiendesha. Niliitaka kazi ile. Zaidi ya hapo, nilitaka Yahaya aikose mbele ya watu walewale.

Na kwa heshima yake nikaandika mstari wa peke yake. Namba yake, ile ya tangu chuoni, ingepokea: "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Kila siku ya Mungu. Ajue nani mkubwa.

Siku ya kuchagua tulikutana kwenye ghala la kikundi. Asubuhi hiyo programu yangu ilikuwa imetuma salamu zake za kwanza, na wazee walikuwa wanaonyeshana simu, wamefurahi kuamkiwa. Yahaya kanuna. Raha niliyoisikia! Mama Perpetua akasimama kutangaza. Ndipo akaingia mzee Abdulswamad, baba yake Yahaya, mnunuzi wetu mkubwa, ameshika simu yake ya kitochi mbali na macho.

"Shikamoo mzee," tukasema wote.

Hakuitikia. "Nani ameniitikia shikamoo ambayo sikumpa? Na nimekuwa mwanawe tangu lini?"

Yahaya akaichungulia ile simu, akasoma. "Baba, si hii laini yangu ya zamani niliyokuachia?"

Jasho likanitoka na baridi yote ile.

"Shikamoo mzee," nikaanza upya, mikono nyuma. "Samahani sana. Ni mashine tu, mzee. Haijui mkubwa wala mdogo, inajichanganyia. Mimi na Yahaya hatuna neno. Mimi sina kinyongo na mtu."

Mama Perpetua alishaanza kutikisa kichwa kunikubalia. Hilaria, aliyekuwa anagawa chai, akaweka birika chini.

"Mashine ndiyo iliyoniita jikoni?" akauliza. "Margwe, si wewe uliyecheka mpaka ukapaliwa na uji, unaniambia, 'Hilaria, njoo umwone Yahaya anavyokuwa mtoto wangu'?"