Nyumba Moja, Shule Tatu

Mwanangu Terrence alihitimu sekondari ya Ashby. Dada yake, Yolanda, alihitimu Pike Hollow. Mjukuu wangu Taryn alikuwa anajiandaa kwenda Dunmore. Wote watatu wamekulia nyumba moja, ileile niliyoinunua nikiwa kijana, na tangu hapo sijahamisha hata kiti cha barazani. Kinachohama ni mstari. Kila mara wilaya inapochora upya mipaka inayoamua mtoto wa mtaa gani asome shule ipi, hufika kwenye mtaa wetu, ambao kwao unaitwa Kitalu cha 31, wakauinua kama bakuli la mboga na kuuweka upande wa pili wa meza.

Safari hii Yolanda alinionyesha ramani kwenye simu yake tukiwa tunakula. Yeye na Taryn wanaishi kwangu tangu ndoa yake ilipovunjika.

"Wanaliita Chaguo C," alisema. "Dunmore imejaa, kwa hiyo sisi tunapelekwa Pike Hollow. Na si shule tu, baba. Tunahamishwa kanda. Kuanzia mwakani kila kanda itakuwa na programu zake, na mtoto haruhusiwi kuomba programu ya kanda nyingine."

Taryn aliweka uma chini. Alikuwa darasa la nane, na kwa muda mrefu hakuwa na habari nyingine mdomoni ila programu ya ujenzi ya Dunmore. Wanafunzi wa pale hujenga nyumba ya kweli, yenye msingi, mabomba na paa, kisha wilaya huiuza. Ya mwaka huu walikuwa wanaijenga kwenye kiwanja kilichopakana na ua wetu. Kila akirudi kutoka shule, Taryn alikwenda kusimama uani na begi lake mgongoni, akiwatazama wanavyopigilia mbao, mpaka mama yake amwite ndani.

"Na Pike Hollow wana nini?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshasoma gazetini.

"Sayansi na tiba," alisema Yolanda, akanikazia macho.

Nilijiongezea mkate wa mahindi. Ujenzi naujua. Nilipiga lipu nusu ya ujana wangu, mchana nikiwa juu ya jukwaa, jioni nikiwa darasani na watu wazima wenzangu, mpaka nikapata cheti changu, na baada ya cheti ofisi, na mlangoni mwa ofisi jina langu. Sikusoma vile ili mjukuu wangu apande jukwaa nililoshuka mimi.

Taryn aliusoma uso wangu. "Umeshinda, babu. Hongera. Na wala hukupigana."

"Usimjibu babu yako hivyo," mama yake alimwambia.

"Sijamjibu vibaya. Nimempongeza."

Maneno hayo yalinikaa kooni kuliko mkate. Mimi na yeye tulikuwa na ugomvi wetu juu ya ujenzi na sayansi, ugomvi mzuri, wa hoja kwa hoja, na nilikuwa na hakika nitaushinda. Sasa mtu asiyetujua alikuwa ameingia kati na penseli yake na kunirushia ushindi kama anayemrushia mbwa mfupa.

Jumamosi alikuja Bi. Lindqvist, anayeishi ng'ambo ya barabara kuu, kwenye nyumba za mawe. Alibeba boksi la fulana nyekundu zilizoandikwa DUNMORE PAMOJA.

"Bwana Ruffin! Wewe utavaa saizi kubwa, sivyo?"

"Inategemea. Mnaunga mkono chaguo gani?"

"C. Ndilo linalotuweka pamoja."

"C linatutoa sisi."

Alitabasamu kama muuguzi mwenye sindano nyuma ya mgongo. "Lakini mnapata Pike Hollow! Sayansi na tiba, Bwana Ruffin. Hiyo ni bahati. Wengine wangeililia."

"Kama ni bahati, nendeni nyinyi."

"Aa, sisi watoto wetu wameshazoea..."

"Wa kwetu tunawazoesha upya kila mara. Si kazi ngumu. Nitawaazima mabegi."

Jirani yangu Wilmer Portillo, mzaliwa wa El Salvador, alikuwa anaondoa theluji mbele ya gari lake. Alicheka mpaka akaegemea koleo. Bi. Lindqvist alipoondoka na boksi lake, Wilmer aliniambia, kwa heshima ya Kihispania, "Don Thaddeus, ungechukua moja tu. Tungefutia vioo."

Siku ya mkutano wa maoni, ukumbi wa wilaya ulikuwa umegawanyika kwa rangi. Wekundu wa Dunmore walikaa kushoto, kijani wa Ashby katikati, njano wa Pike Hollow kulia. Kila msemaji hupewa dakika mbili. Taa ikiwa ya kijani, sema. Ikigeuka njano, malizia. Ikiwa nyekundu, kipaza sauti kinazimwa. Mimi nilivaa suti yangu ya kijivu.

"Jina lako, na shule unayoiwakilisha," alisema mwenyekiti, Bi. Abernathy.

"Thaddeus Ruffin. Shule siijui. Nimekuja kuwauliza nyinyi."

Nikageuka nikamwita Terrence. Alikuja na jaketi lake la zamani la Ashby, mikono ikiishia karibu na viwiko, tumbo likikataa kufungiwa. Watu wa kijani wakampigia makofi. Nikamwita Yolanda, na sweta lake la njano la Pike Hollow. Watu wa njano wakapiga makofi, wa kijani wakanyamaza, na wekundu wakatuzomea sote. Sauti moja ikapaa kutoka nyuma: "Mzee, amua uko wapi!"

"Niko palepale!" nilisema. "Hawa ni wanangu. Wamekula chungu kimoja, wamegombania bafu moja. Mimi sijahama. Nyinyi ndio mnaohama, kisha mnaniuliza mimi niko wapi."

Bi. Abernathy aliomba utulivu. Nikaendelea.

"Nyumba ambayo wanafunzi wa Dunmore wameianza mwaka huu, na itamalizwa mwakani, inapakana na ua wangu. Ramani hii imeihamisha nayo. Watoto wa kanda nyingine watavuka mpaka kuja kuimalizia, na mtoto wa mtaa huohuo, anayeitazama kila siku, hataruhusiwa kugusa hata msumari wake."

Ukumbi ulicheka, rangi zote tatu. Mjumbe mmoja wa bodi aliivuta ramani karibu na pua, kisha akamnong'oneza mwenzake. Taa ikawa njano.

"La mwisho. Mimi sitaki mjukuu wangu asome ujenzi. Nataka asome sayansi, na Chaguo C linanipa hasa ninachotaka. Silitaki! Kama kuna wa kumkatalia mtoto huyu, ni mimi, mezani kwangu, na yeye akiwa na mdomo wake wa kunijibu. Penseli yenu haina masikio."

Taa ikawa nyekundu, kipaza sauti kikafa. Lakini sauti yangu ilizoea kutoka ghorofani hadi kwa mtu anayekoroga saruji chini.

"Tuacheni tugombane wenyewe!"

Terrence alinishika mkono tukarudi kwenye viti. Wilmer alikuwa amesimama, anapiga makofi, peke yake kwa kitambo kidogo, kisha si peke yake.

Mwezi uliofuata bodi ilipiga kura mbele yetu, wanne kwa watatu. Kitalu cha 31 kilibaki Dunmore hadi mapitio yajayo, na madarasa ya muda yangewekwa uwanjani mwa shule ili wote watoshee. Bi. Lindqvist alipita mbele yangu akitazama simu yake. Bi. Abernathy alishuka jukwaani akanipa mkono.

"Natumaini umeridhika, Bwana Ruffin."

"Mapitio yajayo ni lini?"

"Oh, labda baada ya miaka mitano."

"Niandikeni sasa hivi. Nataka niwe msemaji wa kwanza."

Alidhani natania. Nilisubiri mpaka akatoa kalamu.

Kwenye gari Taryn alikaa mbele, mama yake nyuma.

"Kwa hiyo umekubali," alisema Taryn.

"Nimekubali nini?"

"Ujenzi."

"Sijakubali hata kidogo. Sayansi ni bora."

"Nitajaza maombi ya ujenzi."

"Jaza. Na mimi nitakueleza kila siku kwa nini unakosea."

"Haya, anza."

Nikaanza. Alinijibu. Tulibishana njia nzima, Yolanda akiomba kushushwa atembee. Tulipofika, taa za gari ziliimulika ile nyumba ya wanafunzi, mbao zake tupu bado hazijafunikwa.

"Ile kona ya kushoto imepinda," nilimwambia.

Taryn aliinamia kioo, akaitazama.

"Ndiyo maana wananihitaji," alisema, akashuka.